Nadhiri ya Mwalimu Eustace

Baba alinitoa kwa Mungu kabla sijaota meno. Sikuulizwa. Hata ningeulizwa ningejibu kwa kilio, na Baba angekichukua kilio kile kuwa ndiyo. Mama yangu, Josepha, alikuwa amezika watoto watatu kabla yangu. Asubuhi niliyozaliwa nikiwa mzima na mwenye makelele, Baba alikwenda kwenye kikanisa chetu cha Usoke, akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akamwambia Mungu kwamba mtoto huyu akikua atakuwa sista. Mungu hakusema kitu. Baba akauhesabu ukimya ule kuwa mapatano, akarudi nyumbani ametulia, akanipa jina la Apolinaria.

Alikuwa katekista. Jina lake la ubatizo lilikuwa Eustace, lakini watu wote walimwita Mwalimu, hata Mama, hata walipokuwa wawili tu jikoni. Alifundisha katekisimu, aliongoza sala Jumapili ambazo padri hakufika kutoka Tabora, alizika wafu, na padri alipokuja alikuwa mkalimani wake. Wafu walimwogopa kuliko walio hai. Siku alipomzika jirani yetu mmoja aliyependa pombe, alisimama kando ya kaburi, mjane analia, akasema, "Ndugu, marehemu alikuwa mlevi na mgomvi. Tumwombee kwa bidii, maana anahitaji." Kisha akaanzisha wimbo. Hakusema uongo, Baba. Hata wasiompenda, na hawakuwa wachache, walilikubali hilo, ingawa walilikubali kwa mdomo uliopinda.

Nyumbani kwetu dini haikukosekana. Kanisa lilikataza nyama siku ya Ijumaa. Baba akaona Kanisa limelegea kidogo, akaongeza Jumatano. Kwaresima yetu ilianza mapema kuliko ya watu wengine na ikachelewa kwisha. Msichana hakuruhusiwa kucheka hadi meno yaonekane, wala kupiga mluzi, wala kukaa mlangoni, wala kwenda stesheni kuuza karanga kama wenzangu, kwa sababu treni ya Kigoma ilibeba, kwa maneno ya Baba, "macho ya watu tusiowajua." Mdogo wangu Damas alikwenda stesheni kila siku. Alipiga mluzi, alicheka, alirudi na vumbi hadi kwenye kope. Nilipomuuliza Baba kwa nini, alinieleza kwa upole kwamba Damas ni mwanamume. Nikangoja maelezo yaliyobaki. Kumbe yalikuwa yamekwisha.

Kijiji kizima kilijua habari ya nadhiri. Nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi, wanawake kisimani walinisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo, Sista," nami nikajibu, "Milele, amina," nikiwa na kamasi puani. Wavulana hawakunitania. Nani angemtania mke wa Mungu? Wasichana waliacha kuzungumza nilipokaribia, wakidhani nitawasemea mbinguni. Nilikua katikati ya heshima kubwa na bila rafiki hata mmoja.

Isipokuwa Shangazi Ngollo. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Baba, akikaa ng'ambo ya reli, hajabatizwa na hana haraka. Alipika pombe ya asali iliyowavuta watu kutoka Urambo, kule ambako miaka ile Waingereza walikuwa wameng'oa msitu kwa matrekta ili walime karanga, karanga zikakataa kutii amri. Baba alimtembelea dada yake kwa ajili ya kumhubiria tu. Mimi nilitumwa kwake kupeleka mboga, na nilikaa.

"Babu yetu alibeba pembe za ndovu begani hadi pwani," Shangazi aliniambia, akichochea moto. "Alikwenda na kurudi kwa njia ile ile ya misafara. Akarudi na kitambaa, kikohozi na ngoma mpya tatu. Baba yako anasali azisahau zile ngoma, lakini mguu wake unazikumbuka. Mtazame akiimba kanisani."

Nilimtazama Jumapili iliyofuata. Kweli, mguu ulikuwa unakumbuka.

Nilipotimiza umri wa kupelekwa, Baba alinipandisha treni kwenda Tabora kwenye nyumba ya watawa. Mama alinifungia nsansa, yale majani makavu ya kunde, kana kwamba masista hawali. Hakulia mbele ya Baba. Alinishika mkono tu, akanibana vidole hadi vikauma.

Kutoka stesheni ya Tabora ilibidi tupite Kanyenye, na Kanyenye palikuwa na maduka, mafundi, wanawake wa mjini wenye khanga zilizofungwa vizuri, na gramafoni. Baba aliisikia ile gramafoni kabla hatujafika. "Fumba macho," alisema, "na usali rozari kwa sauti, usisikie." Nikafumba. Nikasali. Mzee mmoja fundi cherehani aliyekaa barazani, mwenye kofia nyeupe, akatusalimu vizuri, Baba akaitikia vizuri pia, maana adabu ni adabu.

"Mwalimu," yule mzee akaongeza, "mbona binti amefumba macho? Mbele yake pana mfereji."

Baba alikuwa bado anatafuta jibu la kidini nilipotumbukia. Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Bwana: nimelowa matope hadi kiunoni, gauni jeupe si jeupe tena, na Salamu Maria imekatikia katikati.

Sista aliyetufungulia mlango alinitazama, akamtazama Baba, akaanza kucheka. Alicheka kwa mdomo wazi. Meno yote yalionekana, na moja lilikuwa limeng'oka. Nilimgeukia Baba nikitegemea ataanguka chini. Hakuanguka. Alisema tu, "Huyu ni Apolinaria. Ni wa Mungu tangu kuzaliwa."

"Leo ni wa bafuni kwanza," sista akasema, akanivuta ndani.

Jina lake lilikuwa Sista Imakulata, na ndiye aliyesimamia wodi ya wazazi katika hospitali ya misheni jirani na nyumba yao. Aliendesha baiskeli, shela ikipepea nyuma yake, akiwapigia kengele kuku na watu bila ubaguzi. Nilikuwa nimekuja nikiwa nimejiandaa kwa mateso. Nilijua nitalala sakafuni, nitakula mara moja, nitanyamaza hadi kufa. Yaani nilitegemea nyumbani kwetu, ila pawe pakubwa zaidi. Badala yake nikapewa kitanda. Nikapewa uji wenye sukari. Jioni, baada ya kazi za bustanini, wasichana watarajiwa, yaani waliokuwa wakijiandaa kuwa masista, walirushiana mpira uani na kupiga kelele, na hakuna aliyekuja kutuuliza kama roho zetu zimesalimika. Ijumaa tulikosa nyama. Jumatano tulikula. Jumatano ya kwanza nilikaa mbele ya sahani nikisubiri radi.

Mama Mkuu, mzee wa Kizungu aliyekaa Unyamwezi hadi akakisema Kinyamwezi kama muuza mtama, aliniita chumbani kwake baada ya majuma machache.

"Apolinaria, mwanangu, wewe ulisikiaje wito?"

"Niliusikia, Mama Mkuu."

"Sauti ilikuwaje?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimefundishwa kusema kweli. "Ilifanana na ya Baba."

Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kisha akasema nisiwe na haraka, nikae, nimsaidie Sista Imakulata hospitalini, tutaona. Nikakaa. Nilijifunza kuchemsha vyombo, kumshika mama mgongoni pale uchungu unapomjia, kumpokea mtoto anayeteleza kama kambare. Wanawake walikuja kutoka Kanyenye na kutoka vijijini, Waislamu na Wakristo, na wote walipiga kelele za aina moja. Sijui hata leo kama nilikuwa na wito. Najua kwamba kwa mara ya kwanza watu waliniita kwa jina langu.

Basi Baba akaja kunitazama bila kutoa habari, na kwa bahati yake alifika siku ya somo wa Mama Mkuu, sikukuu ya mtakatifu wa jina lake. Watarajiwa tulikuwa tumemwandalia ngoma uani. Ndiyo, ngoma, yenye kishindo. Sista Imakulata ndiye aliyekuwa akiipiga, mikono ya kanzu imekunjwa hadi kwenye kiwiko, nami nilikuwa katikati ya duara, nimeinua mikono, ninacheza ngoma niliyofundishwa na Shangazi Ngollo, moja ya zile za babu. Nilipogeuka nikamwona Baba ukutani. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliyekuta msiba.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

Sista Imakulata akashusha mikono ya kanzu yake.

Mama Mkuu alimkaribisha kiti, akamkaribisha chai, akamweleza kwamba mabinti wamefanya kazi sana na leo ni sikukuu.

"Mama Mkuu," Baba akasema, "nilimleta mtoto wangu kwa Mungu, sikumleta ngomani."

"Mwalimu, Mungu hakasiriki mtu akifurahi."

"Hilo," Baba akajibu taratibu, "sijalisoma mahali."

Nikafunga mzigo wangu. Naomba ieleweke vizuri, maana watu wengi wameniuliza tena na tena wakidhani nimekosea kusimulia: baba yangu alinitoa utawani kwa sababu utawa ulikuwa na dunia nyingi mno. Aliwaacha masista wa watu na dhambi zao za uji wa sukari, akanirudisha Usoke nikatakaswe. Sista Imakulata alitusindikiza hadi barabarani. Hakucheka siku ile. "Ukija tena," aliniambia, "njoo kwa miguu yako mwenyewe."

Sasa Baba akawa na shida na Mungu. Alikuwa amemwahidi kitu, na pa kukipeleka hapakufaa. Alisali, akafunga, akakonda. Sisi wengine tulikonda pamoja naye, bila kuombwa. Hatimaye akapata jibu, na jibu lilikuwa na ndevu.

Raymundi alikuwa katekista mwenzake kutoka upande wa Urambo, mtu mzima, mjane. Alikuwa amezika wake wawili. Wote wawili, Baba alisema kwa kustaajabu, walikufa wakiwa wameshika rozari. Watu wa Urambo walisema walikufa kwa mifungo ya mume wao, lakini Baba hakusikiliza maneno ya mitaani. Kama binti hawezi kuolewa na Kristo, alimweleza Mama, basi ataolewa na mtu wa karibu yake.

Raymundi akaja kuniona. Tulikaa uani, Baba kati yetu.

"Unafunga siku ngapi kwa juma?" aliniuliza.

"Kama kawaida ya nyumba hii."

"Zitaongezeka," alisema kwa wema, kama mtu anayeahidi khanga. "Na unapolala, unalala chali au ubavu?"

Baba akakohoa. Hata yeye.

"Nauliza kwa sababu ya heshima," Raymundi akaeleza. "Marehemu wa pili alilala kifudifudi. Nilimshauri sana."

Nilitazama kuku. Alipoondoka alitubariki wote, na mbwa.

Nilikimbilia kwa Shangazi Ngollo. Alinisikiliza hadi mwisho, akapakua pombe, akanywa yeye. "Panda treni," akasema. "Nenda kwa yule mwanamke wako wa baiskeli. Nitamwambia baba yako umeliwa na simba."

"Atajua ni uongo."

"Atajua, lakini atakuwa na jambo la kunihubiria."

Nilitaka kwenda. Lakini nilijua kwamba Baba angenifuata kwa treni inayofuata, angesimama mlangoni pa hospitali na kofia yake mikononi, na Mama Mkuu hangeweza kumficha binti wa mtu. Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa anapepeta mtama. Nilikaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza maishani nikamuuliza ilikuwaje yeye akaolewa.

"Nilipelekwa kwa padri," alisema, hakuacha kupepeta. "Padri wa zamani yule, Mzungu, Kiswahili chake kikiwa kigumu na changu hakipo. Alinitazama akasema maneno marefu. Nikadhani ananisalimu. Nikajibu, mzima. Basi, nikaolewa."

Nilimtazama nikidhani anatania. Mama hakuwa na mazoea ya kutania.

"Hilo ndilo lilikuwa swali, Polina. Lile la kama unakubali mwenyewe au unalazimishwa. Nilikuja kulijua baadaye, nilipomsikia baba yako akiwafundisha wengine. Linaulizwa kila mtu, kabla ya ndoa, faraghani, na padri lazima asikie jibu." Akamwaga makapi. "Mimi sikujua nimeulizwa. Wewe utajua."

 Akaendelea na mtama wake, nami nikakaa pale nikirudia kichwani katekisimu yote ya ndoa. Niliijua neno kwa neno. Baba alikuwa ameniingizia kwa fimbo tangu nikiwa mdogo, na sasa nikamshukuru kwa kila fimbo: ndoa bila hiari si ndoa.

Padri aliyekuja Usoke mwezi ule alikuwa mgeni, kijana wa Kiholanzi, uso mwekundu kama udongo wa kichuguu, hajamaliza mwaka nchini. Yule mzee tuliyemzoea alikuwa amekwenda likizo Ulaya. Kijana huyu alikuwa na Kiswahili cha kitabuni, kisafi, polepole, neno moja linamsubiri jingine. Kinyamwezi hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Kwa hiyo Baba alikaa pembeni yake kama kawaida, akirudia maswali na kurudisha majibu.

Raymundi aliulizwa kwanza. Alitoka akiwa anang'aa, akakaa kwenye benchi nje. Kisha nikaitwa mimi.

Chumba cha nyuma ya kanisa kilikuwa kidogo, meza moja, msalaba, dirisha limefunguliwa. Kwa haki Baba hakupaswa kuwamo, kwa kuwa alikuwa baba yangu, lakini padri hakuwa na mkalimani mwingine, na tena nani angemshuku Mwalimu Eustace? Aliniuliza jina, ubatizo, kipaimara. Baba alirudia kwa sauti yake ya darasani. Nilijibu kwa Kiswahili.

Kisha padri akasafisha koo. "Je, Apolinaria, wewe... unaolewa... kwa hiari yako? Kuna mtu... anakulazimisha?"

Baba akalirudia swali bila kunitazama. Alilitamka vizuri sana. Alikuwa amelifundisha nusu ya Usoke.

Nilikuwa nimejiandaa kujibu kwa Kiswahili, wazi, ili padri asikie mwenyewe. Lakini nilipomwona Baba pale, shingo yake nyembamba ndani ya kola iliyopigwa pasi na Mama, ulimi wangu ukageuka wenyewe. Nikasema kwa Kinyamwezi, lugha yetu ya nyumbani.

"Ndiyo, Baba. Nalazimishwa."

Alifunga macho. Akauliza kwa lugha hiyo hiyo, kwa sababu ndilo swali lililofuata na alilijua kwa moyo, "Na nani?"

"Na wewe."

Padri akatutazama mmoja mmoja, kalamu mkononi. "Anasema nini, Mwalimu?"

Nje Raymundi alikuwa anaimba zaburi kwa sauti ya chini. Baba alikuwa na neno moja tu la kusema, "Anakubali," na mambo yangekwisha. Padri hangejua. Ningepiga kelele? Sidhani. Nilikuwa nimekwisha tumia ujasiri wangu wote. Niliona jasho likimtoka Baba chini ya nywele zake zenye mvi, likashuka, akaliacha lishuke. 

"Mwalimu?"

"Anasema," Baba akaanza kwa Kiswahili, na sauti haikuwa ya darasani tena, "anasema kwamba halazimishwi na mwanamume huyu."

Nikatazama sakafu.

"Anasema," akaendelea, na sasa alikuwa anazungumza na meza, "kwamba anayemlazimisha ni mimi. Baba yake. Ndivyo alivyosema, Padri. Na ni kweli."

Yule kijana wa Kiholanzi alikuwa na Kiswahili kidogo lakini akili haikuwa kidogo. Aliweka kalamu chini. "Basi hakuna ndoa," alisema, na hakuhitaji kurudiwa.

Raymundi alipoambiwa alisema kwamba amefunga kwa ajili ya ndoa hii tangu juma lililopita, na kama haipo, je, anaweza kupata chakula. Mama, aliyekuwa amewapikia wageni pale kanisani, alimpakulia. Alikula sana.

Baba na mimi tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma. Tukafika kwenye reli. Hapo akasimama.

"Kwa nini ulisema kwa Kinyamwezi?"

"Ili uchague, Baba."

Aligeuka. "Nichague nini?"

"Cha kumwambia padri."

Alinitazama, na polepole nikaona kwamba ameumia. Na hakuumizwa na jibu langu la mle chumbani. "Ulidhani ningesema uongo?"

"Sikujua."

"Miaka yote hii umekaa nyumbani kwangu," alisema, "na hukujua."

Nilitaka kumwambia kwamba katika miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kuuona ukweli wake ukinisaidia mimi.  Badala yake nikachukua begi lake la vitabu, na akaniachia nilibebe.

Kesho yake kabla padri hajaondoka, Baba alimfuata kumuuliza juu ya nadhiri. Damas alikuwa dirishani, bila shaka, na ndiye aliyetuletea habari. Padri alitafuta maneno, akayapata: mtu hawezi kumwahidia Mungu mtu mwingine, anaweza kuahidi kilicho chake tu. Baba akamwomba arudie. Akarudia. Baba akauliza kama hilo ni la zamani au ni jipya. Ni la zamani, padri akasema, la zamani sana. Baba akarudi nyumbani, akakaa, akatafakari ni kitu gani hasa ni chake. Kitu pekee duniani alichokipenda kwa ajili ya nafsi yake kilikuwa chai yenye sukari nyingi. Akaiacha hadi alipokufa. Kwa hiyo Mungu alipata sukari badala yangu, na sijamsikia akilalamika.

Mama naye alingoja siku chache. Jioni moja tukiwa tunakula, alisema, "Mwalimu, na mimi niulize lile swali."

"Swali gani?"

"La padri. Mimi niliitikia salamu."

Baba alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha. Alinawa mikono, akalirudia swali kwa Kinyamwezi, lote, hadi mwisho. Mama alitafuna, akameza.

"Nitafikiri," alisema.

Alifikiri hadi mavuno. Sijapata kumwona Baba akiwa mpole kama miezi ile. Alichota maji. Alimsifia mlenda. Damas na mimi tulitoka nje ya nyumba tukacheke. Siku Mama alipomjibu hatukuwapo, na mpaka leo hakuna aliyetuambia jibu, ila Baba aliendelea kukaa palepale.

Mimi niliomba niende Tabora, kwa Sista Imakulata, nisomee ukunga. Si utawa, nikamwambia Baba, ukunga. Alisema hospitali imejaa miili. Nikasema ndiyo. Alisema wanaume huja kutazama wake zao. Nikasema ndiyo, wengine. 

"Siwezi kukubali," alisema mwishoni.

"Sawa, Baba."

"Lakini siwezi kukulazimisha kukaa."

Hiyo ndiyo baraka niliyopata, na nilikuwa nimemfahamu vya kutosha kujua kwamba hana kubwa zaidi. Nilikwenda peke yangu. Kanyenye nilipita macho wazi, nikasimama kidogo mbele ya gramafoni, nikasikiliza wimbo mzima, nao haukuwa mzuri hata kidogo.

Mwaka wa pili Baba alikuja kunitazama. Alikataa kuingia wodini. Alisimama nje kwenye uzio, nami nikatoka na aproni yangu yenye madoa, nikapiga goti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Akayatazama madoa, akatazama pembeni. "Unasali?"

"Nikipata nafasi. Kuna siku sipati."

Alitikisa kichwa polepole. Nilingoja mahubiri. Ndani mwanamke mmoja alianza kupiga kelele, kwanza chini, kisha juu, akimwita mama yake, na Baba akashika uzio kwa mikono miwili.

"Mama yako naye alilia hivi?" aliuliza.

"Sikuwa na akili bado, Baba. Nilikuwa ninazaliwa."

"Mimi nilikuwa kanisani," alisema. "Nilikuwa ninaahidi."

Sista Imakulata akaniita kwa jina kutoka dirishani, nije upesi, kichwa kinaonekana. Nikamwambia Baba asiondoke, aningoje, akae kwenye benchi lile kivulini. Akasema treni yake haijafika bado. Nilipotoka tena, jua limeshuka, nilimkuta ameketi palepale na kofia magotini, na mume wa yule mwanamke, fundi viatu wa Kanyenye aliyeitwa Twalibu, ameketi karibu naye, amemshika Baba mkono kwa woga.

"Ni msichana," nikawaambia. "Wote wazima."

Twalibu akainuka akimsifu Mungu kwa Kiarabu. Baba akainuka pia, akafungua mdomo, na nilimwona akitaka kumwambia yule mtu jambo fulani kuhusu mabinti. Akafikiri. Kisha akamwambia tu, "Hongera, ndugu yangu," akaomba aonyeshwe mtoto.